Fizi Zikinyamaza, Pima Mfupa

Mtu aliyepandikizwa figo hurudi nyumbani na orodha ndefu ya mambo ya kuangalia: presha, mkojo, homa, uzito, uvimbe wa miguu, na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi. Meno huulizwa mara moja tu, kabla ya upasuaji, ili jino bovu lisije likasambaza usaha mwilini wakati kinga imeshushwa. Baada ya hapo kinywa hakitajwi tena, na mgonjwa mwenyewe ana mambo makubwa zaidi ya kuogopa kuliko fizi. Nawaandikia wenzangu wa kliniki za figo hapa Mwanza, pamoja na wale wanaomeza dawa hizi hizi kwa ajili ya lupasi au baridi yabisi. Taya langu limepoteza mfupa wakati fizi zangu zikionekana nzima, na jambo hilo lina sababu ambazo kila anayetumia dawa za kushusha kinga anapaswa kuelezwa mapema.

Figo niliyonayo ni ya dada yangu wa Sengerema. Upasuaji ulifanyika India mwaka 2012, maana wakati huo hapa nchini huduma hiyo haikuwapo. Muhimbili walianza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Nilirudi na mfuko wa dawa: siklosporini asubuhi na jioni, mikofenoleti na prednisoloni, zote tatu za kushusha kinga, pamoja na nifedipini ya kushusha presha. Nikarudi darasani, shule ya msingi pale Nyakato, nikiwa na uso uliovimba kwa prednisoloni lakini nina nguvu ambazo sikuwa nazo kwa muda mrefu.

Mwaka ule wa kwanza haukuisha kabla fizi hazijaanza kuota. Zilianzia mbele, kwenye vile vipembe vidogo vya nyama vinavyoingia kati ya jino na jino. Vikanenepa, vikawa vinundu vigumu vya rangi ya waridi, visivyouma. Nilipovigusa kwa ulimi nilihisi kitu kigeni kimejibana kinywani. Vikakutana, vikapanda juu ya meno, hadi meno ya mbele yakabaki nusu. Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliniambia kwa sauti ya kunihurumia, "Mwalimu, meno yako yanaingia ndani." Kuanzia siku hiyo nikawa nafundisha nimeziba mdomo kwa kiganja.

Ushauri ulikuja kutoka kila upande. Sukutua maji ya chumvi. Chemsha mwarobaini. Jirani mmoja, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, aliniita pembeni akaniambia dawa za kizungu zimenizidi, nipumzike nazo hata mwezi mmoja nione. Aliniambia kwa upendo. Nilimpigia simu dada, akaja na kivuko cha Kamanga kesho yake. Alipofika hata maji hakunywa kwanza. "Mdogo wangu," akasema, "figo hiyo ilikuwa yangu, na najua ilivyotoka. Tafuta dawa ya fizi popote unapotaka, lakini vidonge vya figo usivilaze hata usiku mmoja."

Alisema kweli kuliko alivyojua. Mwili hauzoei figo ya mtu mwingine. Huivumilia kwa sababu askari wake wameshikwa mikono, na siku wakiachiwa huanza kuishambulia. Kabla ya dawa hizi, kupandikiza figo kulikuwa na mwisho mwema karibu kwa mapacha wa kufanana tu. Ile iliyofanikiwa kwanza, Boston mwaka 1954, mikononi mwa daktari wa upasuaji Joseph Murray, ilitoka kwa pacha kwenda kwa pacha mwenzake, na Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Siklosporini ilipatikana kwenye kuvu wa udongo uliochukuliwa Norway, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1983. Takrolimasi, nayo ya kushusha kinga, ilitoka kwa bakteria wa udongo wa Japani, karibu na mlima Tsukuba, mwaka 1984. Nawaheshimu waliochota udongo ule. Mimi na dada hatukuzaliwa mapacha, na bila dawa hizo nisingekuwapo kuandika. Kwa hiyo ninapoeleza madhara yake kinywani, asiwepo wa kunisoma kama ninamwambia aziache.

Daktari wa meno niliyempata alikuwa kijana, mwenye adabu ya kinyumbani. "Shikamoo Mwalimu," akaanza, kisha kabla hajafungua mdomo wangu akaniomba nimtajie dawa zote ninazotumia, hata ya presha. Sikuona presha inahusianaje na fizi. Akanieleza. Siklosporini huzifanya chembe hai zinazotengeneza nyama ya fizi zizalishe nyuzi nyingi kupita kiasi, na wakati huo huo kazi ya kuzivunjavunja nyuzi za zamani hupungua. Nyama inaongezeka upande mmoja na haipungui upande wa pili. Nifedipini nayo ina tabia hiyo hiyo kwa njia yake, na dawa hizo mbili zikikaa katika mwili mmoja fizi huota zaidi kuliko kwa dawa moja. Si kila anayezitumia anaota fizi, na watoto na vijana ndio huathirika zaidi. Ila utando wa bakteria unaokaa kwenye meno ndio unaochochea yote hayo, na fizi zikishaota, mswaki haufiki tena pale utando ulipo. Hapo ugonjwa unajilisha wenyewe.

Kisha akanipima. Kipimo chenyewe ni kifimbo chembamba cha chuma chenye alama za milimita, ncha yake butu. Hukiingiza taratibu kati ya fizi na jino mpaka kikome, sehemu sita kwa kila jino, tatu kwa nje na tatu kwa ndani, na nesi anaandika. Fizi nzima hutoa moja, mbili au tatu. Mimi nilikuwa nasikia tano, sita, tano, sita, na tumbo likawa linanikata. Akapiga picha. Alipoiangalia akanituliza: mfupa ulikuwa umekaa karibu pale unapotakiwa kukaa. Kina kile kilitokana na fizi kupanda juu. Mfupa haukuwa umeshuka. Nafasi hizo za kina kati ya fizi na jino akaziita vifuko vya uongo.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyonifungua macho baadaye. Namba moja inaweza kuwa na maana mbili. Milimita sita zinaweza kuwa fizi iliyoota juu ya mfupa mzima, na zinaweza kuwa fizi tulivu juu ya mfupa ulioliwa. Kioo hakikuonyeshi tofauti, wala damu kwenye mswaki haikuonyeshi. Inahitaji kipimo na picha, vyote viwili.

Aliandika barua, nikaipeleka kwa daktari wangu wa figo. Nifedipini ikabadilishwa ikaja dawa ya presha ya jamii nyingine. Siklosporini nayo ikaondolewa polepole, takrolimasi ikashika nafasi yake, huku damu ikipimwa mara kwa mara kuhakikisha kiwango kinatosha kuilinda figo. Ugaga, yaani utando ulioganda ukawa mgumu kwenye meno, ukakwanguliwa. Daktari alikuwa amenitayarisha kwamba pengine fizi zitahitaji kupunguzwa kwa kisu, na kwamba hata zikikatwa huota tena kama dawa na utando vimebaki vilevile. Haikufika huko. Ndani ya miezi kadhaa vinundu vikanywea, meno yakatokeza, na nikaacha kufunika mdomo.

Hapo ndipo miaka ya utulivu ilipoanza. Fizi za waridi, zimebana, hazitoi damu. Kila mtu aliridhika, nami niliridhika. Hakuna aliyeniambia kwamba kwa mtu wa dawa hizi utulivu wa fizi ni habari nusu.

Mwaka 2019, jioni moja, nilinunua muhindi wa kuchoma pale stendi ya Buzuruga nikisubiri daladala. Nilipouma, gego la chini kulia likacheza. Halikuuma. Liliinama kidogo ndani ya taya, likarudi. Niliusogeza muhindi upande wa kushoto, nikamaliza. Usiku nikalisukuma kwa ulimi, likasogea tena. Nikaanza kukumbuka vitu vidogo ambavyo nilikuwa nimevipa sababu nyingine. Nyama ya sato ilikuwa inanasa pale pale kila nikila. Kulikuwa na mwanya mpya kati ya meno mawili ya mbele ya juu, niliodhani ni umri. Asubuhi kinywa kilikuwa na harufu ambayo mswaki uliiondoa kwa saa moja tu.

Yule kijana alikuwa amehamishwa. Nilimkuta daktari mwingine, mama wa makamo, mtaratibu, anayeita kila mgonjwa mama au baba hata awe mdogo kwake. Aliziangalia fizi, hakusema kitu. Akachukua kifimbo. Nesi akaandika: mbili, tatu, saba. Tatu, sita, nane. Nilijua maana ya namba, ila bado nikajitia moyo na vifuko vya uongo. Akapiga picha ya taya zima, akaiweka kwenye skrini, akanisogezea kiti.

"Mama, ona hapa," akasema, akiweka ncha ya kalamu. Kwenye picha mfupa huonekana mweupe wenye vitundu vidogo, na ukingo wake hupaswa kwenda karibu na shingo za meno, chini yake kama milimita mbili. Wangu upande wa kushoto ulikwenda hivyo. Kulia, chini ya magego, ukingo ulizama, ukafanya bonde kuzunguka mizizi ya lile gego linalocheza, na jino la jirani lilikuwa limeachwa wazi hadi nusu ya mzizi. Akanionyesha kitu kingine ambacho nisingekiona mwenyewe. Kila mzizi wenye afya huzungukwa na mstari mweupe mwembamba, na kwangu sehemu kadhaa mstari ule ulikuwa umefifia. Akaniuliza nilisafishwa damu kwa mashine muda gani kabla ya figo mpya. Nilipomjibu akatikisa kichwa. Akasema alama ile huonekana kwa watu ambao figo zao zilisumbua mifupa kwa miaka.

Nilimwuliza swali ambalo naona kila mgonjwa angeuliza. Kama kinga yangu imeshushwa, na kama ninavyosikia mfupa wa taya huliwa na mapigano ya kinga dhidi ya bakteria, si dawa zangu zilipaswa kunilinda?

Alifurahi kuulizwa. Akasema swali hilo hata wataalamu wanalijadili, na matokeo ya uchunguzi kwa watu waliopandikizwa figo hayafanani. Bakteria waliojificha chini ya fizi hawaumi mfupa wao wenyewe kwa meno. Sumu zao huamsha kinga, kinga hutuma ujumbe, na ujumbe ule huziamsha chembe maalumu za mwili wetu ambazo kazi yake ni kumeng'enya mfupa. Kwa mtu asiye na dawa, mapigano yale hujitangaza: fizi nyekundu, uvimbe, damu kila akipiga mswaki. Kwa mtu mwenye dawa, tangazo hupungua. Damu inakuwa kidogo, wekundu unakuwa kidogo, maumivu hayapo. Kwa baadhi ya watu na uharibifu nao unaweza kupungua. Lakini bakteria hawajaondoka, wamebaki na ugaga wao chini kule, na askari waliopaswa kuwazuia wasiongezeke nao wamedhoofika. Basi kinachopungua kwa uhakika ni dalili. Kuhusu mfupa hakuna ahadi.

Halafu akaweka vitu vingine juu ya hilo, kimoja kimoja. Prednisoloni, hata kipimo kidogo kikinywewa kwa miaka, hudhoofisha chembe zinazojenga mfupa, hupunguza kalsiamu inayonyonywa tumboni, na mfupa wote wa mwili hukonda, taya likiwemo. Takrolimasi na siklosporini nazo zina mchango wao katika kukonda kwa mifupa baada ya kupandikizwa. Takrolimasi inaweza pia kupandisha sukari, na sukari ikipanda fizi huharibika haraka zaidi, kwa hiyo akataka kipimo cha sukari siku hiyo hiyo. Yangu ilikuwa sawa. Na miaka ya figo mbovu ilikuwa imeniachia mifupa dhaifu na ugaga mwingi, maana wakati figo hazifanyi kazi yurea, taka ambayo ilipaswa kutoka na mkojo, hujaa hata kwenye mate, na mate ya namna hiyo hugandisha ugaga kwa wepesi. Alipomaliza nikaelewa kwamba hapakuwa na mkosaji mmoja. Taya langu lilifika kwenye bakteria wale likiwa tayari limechoka, na hakuna kengele iliyolia.

Gego halikuokoleka. Mengine yalisafishwa hadi kwenye mizizi, robo moja ya kinywa kwa kila ziara, kwa sindano ya ganzi. Huhisi maumivu, unasikia tu mkwaruzo ndani ya fuvu, na kila mara anapofuta kifaa kwenye pamba unaona vipande vyeusi vya ugaga ambavyo hukujua unaishi navyo. Kabla ya kung'oa, daktari wa meno alimwandikia daktari wa figo, na daktari wa figo akajibu kwa maandishi: kipimo cha damu, dawa zipi ziruhusiwe, zipi zisiguswe. Barua hizo mbili zilinichelewesha, na ningezisubiri tena bila kunung'unika.

Nasema hivyo kwa sababu ya kilichotokea kwenye duka la dawa mtaani usiku mmoja baada ya kung'olewa. Kidonda kilikuwa kinapwita, nikaenda kutafuta parasetamoli. Muuzaji, binti mkarimu tu, akaniambia parasetamoli haitoshi kwa jino, akaniwekea mezani diklofenaki na metronidazoli, dozi ambayo nusu ya mji huu huimeza kwa jino. Kwa mtu mwingine pengine ingekuwa msaada. Diklofenaki na ibuprofeni hubana damu inayoingia kwenye figo, na pamoja na takrolimasi au siklosporini mzigo huo huwa mzito maradufu. Metronidazoli inaweza kupandisha kiwango cha dawa hizo kwenye damu. Erithromaisini na klarithromaisini, nazo za kuua bakteria, hupandisha zaidi, na flukonazoli ya fangasi vilevile. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, hushusha kiwango hadi figo ibaki bila ulinzi. Hata balungi limekatazwa. Nilichukua parasetamoli peke yake, nikamweleza yule binti kwa nini, naye akaniomba nimwandikie majina kwenye karatasi. Aliibandika ukutani nyuma ya kaunta, na nikipita huwa naiona bado ipo.

Kwa wanaotumia dawa za kushusha kinga nina jambo jingine la kuwaambia kabla jino halijang'olewa. Wengine wetu tumeandikiwa dawa za kuimarisha mifupa, vidonge au sindano, kwa sababu ya prednisoloni. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kufanya mfupa wa taya ushindwe kupona mahali jino lilipotoka, mfupa ukabaki wazi na kufa. Si jambo la kila siku, ila daktari wa meno asipoambiwa hawezi kulikisia. Mtajie sindano hiyo hata kama ulichomwa mwaka jana.

Maisha ya kila siku yalibadilika kidogo tu, na hapo ndipo mfupa unapookolewa au kupotea. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Kinachowezekana ni kuuzuia usishuke tena. Usiku, watu wa nyumbani wakilala, nakaa mbele ya kioo na brashi ndogo za kupitisha katikati ya meno. Zinafanana na ule mswaki wa kuoshea chupa za mtoto, ila ncha yake ni nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Ukubwa wake hutofautiana, na kwenye mwanya wa magego yangu inaingia ile pana, mbele ile nyembamba. Inapitishwa kutoka nje hadi ndani, polepole, ikigusa jino la huku na la huku, kisha naisuuza naona kilichotoka. Mswaki peke yake haufiki huko, na dawa ya kusukutua pia haiingii chini ya fizi. Klorheksidini, moja ya dawa hizo za kusukutua, niliitumia wiki chache baada ya matibabu kwa maelekezo ya daktari, ikanipaka meno rangi ya kahawia ambayo ilikuja kusafishwa. Mti wa mswaki siuachi kwa sababu nimeukulia, lakini hautoshi kwa mtu mwenye mizizi iliyo wazi.

Chakula nacho. Sisi wa ziwani tuna dagaa, tunaowala wazima na miiba yao, na humo mna kalsiamu nyingi. Niliwahi kudhani nitaongeza sahani tu nikae sawa, lakini mtaalamu wa lishe alinikalisha akanipangia, maana mtu wa figo hapaswi kujiongezea chochote bila kuangalia chumvi na fosforasi yake, na dagaa wa kukaushwa kwa chumvi si sawa na dagaa wa jua tu. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha nilivyolelewa navyo, hunata kwenye mizizi iliyo wazi. Ninavila na chakula, sivitafuni mchana kutwa nikisahihisha madaftari. Kuhusu vitamini D, watu hupenda kutuambia tuote jua. Sisi tunaoshushwa kinga ngozi zetu ziko kwenye hatari ya saratani kuliko za wengine, kwa hiyo vitamini D yangu hupimwa kwenye damu na kuongezwa kwa kidonge, na njiani navaa kofia.

Kila baada ya miezi mitatu narudi kwa yule mama. Anapima upya, jino kwa jino. Karatasi ya zamani anaiweka kando ya mpya. Saba zimekuwa tano, nane imeondoka na gego lake, na lile jino la jirani limeshika kwenye nne kwa muda sasa. Picha hurudiwa pale anapoona namba imesogea. Mara moja namba zilipanda upande ule wa kulia bila damu, bila uvimbe, bila mimi kuhisi chochote, akarudia kukwangua pale tu. Nisingejua kamwe.

Pale kliniki ya figo tunasubiri kwenye benchi refu, na siku hizi nawauliza walio jirani yangu kuhusu fizi zao. Wazee hucheka. "Ng'wana wane, meno gani tena katika umri huu," bibi mmoja kutoka Magu aliniambia, akiniita mwanangu kwa Kisukuma, akinishika mkono. Lakini mwaka jana alikaa kando yangu kijana wa Ukerewe, aliyepandikizwa Dodoma, mvuvi aliyelazimika kuacha ziwa. Alipocheka niliona vile vinundu mbele. Alikuwa kwenye takrolimasi, dawa ambayo kwa kawaida haioteshi fizi hivyo, nikashangaa. Aliniita mama, akaniuliza kama atang'olewa meno ya mbele kabla hajaoa. Nikamwomba anionyeshe dawa zake zote. Katika mfuko wake kulikuwa na amlodipini ya presha, ya jamii moja na nifedipini yangu ya zamani.

Sikumwambia aiache, na sikujifanya daktari. Nilimpa jina la dawa na sababu ya kuuliza, nikamsisitiza aombe kupimwa kwa kifimbo na picha kabla mtu yeyote hajataja koleo. Alifanya vyote. Namba zake zilikuwa tano na sita kama zangu za kwanza, mfupa uko mahali pake. Madaktari wake wawili waliandikiana, presha ikabadilishiwa dawa, ugaga ukatolewa. Amenipigia simu kutoka Nansio wiki iliyopita kuniambia vinundu vimeanza kunywea, na kwamba picha ya pili itapigwa mwakani hata kama fizi zitakuwa zimetulia kabisa, kwa sababu hilo ndilo aliloomba yeye mwenyewe liandikwe kwenye kadi yake.